Umeandikiwa dawa za akili? Soma hii kabla hujaanza kumeza, na kabla hujaamua kuacha

Hapa naongelea dawa za saikosisi tu, yaani za mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii au anayeamini anafuatiliwa. Tuanzie kwenye kile kimfuko cha plastiki unachopewa dirishani, maana mambo mengi yanaharibikia pale pale. Mtu wa famasi amekuandikia haraka haraka 1x2 au 1x1 usiku, jina la dawa limeandikwa nusu, nyuma yako foleni, unachukua unaondoka. Usiondoke. 1x2 maana yake kidonge kimoja mara mbili kwa siku, namba ya kwanza ni vidonge ya pili ni mara ngapi, na kuna watu wazima kabisa wanaisoma kinyume wanameza viwili kwa mpigo, jumla ya siku inabaki ile ile ila mwili unabebeshwa yote kwa wakati mmoja, mtu analala mpaka mchana alafu familia inasema dawa imemzidi.

Muulize jina kamili la dawa, miligramu ngapi, saa ngapi, na hili watu wanalisahau: hii ni ya ugonjwa wenyewe au ni ya kutuliza maudhi ya ile nyingine? Kwa sababu ukipewa haloperidoli mara nyingi unapewa na Artane pembeni, hiyo Artane haitibu sauti wala mawazo, kazi yake ni kulegeza misuli inayokakamaa, sasa mtu asiyejua anaacha ile kubwa anabaki na hiyo ndogo anasema "mbona nameza lakini siponi". Piga picha boksi kama lipo, andika kwenye daftari la kliniki kwa mwandiko wako mwenyewe.

Miligramu ni muhimu kuliko hesabu ya vidonge. Olanzapini ipo ya 5 na ya 10, risperidoni ipo ya 1, 2 na kuendelea, na viwanda vinabadilika, mwezi huu kidonge cheupe mwezi ujao cha njano. Kama mwezi uliopita ulikuwa unakula kimoja cha 5 na leo umepewa vya 10 na wewe unaendelea na "kimoja", hapo umejiongezea dozi mara mbili bila mtu kukuambia. Rangi ikibadilika, uliza.

Halafu majina. Mimi hapa nayaandika kama tunavyoyatamka, kwenye boksi utayakuta Kiingereza. Klopromazini (wengine wanaijua kama Largactil) kwenye boksi inaanza na Chlorp, na kuna dawa ya mafua na mzio, ile Piriton, jina lake la ndani nalo linaanza na Chlorp, na kuna ya zamani ya kisukari nayo inaanza hivyo hivyo. Tatu hizo, kazi tofauti kabisa. Soma jina mpaka mwisho, na ukinunua mtaani nenda famasi yenye mfamasia, kaduka ka kona waachie Panadol.

Kwanza hizi dawa zinafanya nini

Kama nilivyosema, kundi ni moja tu hapa, dawa za saikosisi. Yaani hali ya mtu kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuamini kuna watu wanamfuatilia au wamemwekea kitu kwenye chakula, maneno kuchanganyika, usingizi kupotea. Dawa hizo hizo daktari anaweza kumwandikia mwenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda juu sana na kushuka chini sana) akiwa amepanda juu sana, na wakati mwingine zinaongezwa juu ya dawa za sonona isiyosikia dawa peke yake, kwahiyo ukisoma karatasi ya ndani ya boksi ukakuta neno skizofrenia (ugonjwa wa saikosisi wa muda mrefu) usianze kulia, muulize aliyekuandikia wewe amekuandikia kwa ajili gani.

Kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini, inabeba ujumbe wa "hiki ni muhimu, kiangalie". Ikizidi mahali fulani kila kitu kinakuwa na maana kubwa, jirani akikohoa ni ishara, gari likipita mara mbili ni wapelelezi. Dawa hizi nyingi zinaziba milango ambayo dopamini inaingilia. Lakini dopamini hiyo hiyo sehemu nyingine ya ubongo ndo inayolainisha mwendo wa misuli, na sehemu nyingine inazuia homoni ya maziwa isipande, kwahiyo ukiziba huku na huko kunaguswa. Maudhi mengi nitakayoyataja chini, hasa ya misuli na ya homoni, yanatokea hapo, yana sababu, na ukijua sababu hushtuki ukatupa dawa chooni.

Klopromazini ni ya Ufaransa, hospitali za akili zilianza kuitumia mwaka 1952, haloperidoli ikatoka Ubelgiji mwaka 1958. Ni za zamani lakini zinafanya kazi na bei yake inavumilika, ndo maana bado zimejaa hospitali zetu. Risperidoni na olanzapini zikaja miaka ya 1990. Kwa kifupi sana, haloperidoli na wenzake wanasumbua zaidi misuli, olanzapini inasumbua zaidi uzito na sukari, risperidoni iko katikati na ina lake la homoni. Hakuna isiyo na usumbufu, unachagua na daktari usumbufu upi unaumudu.

Kuhusu muda: usingizi na utulivu vinakuja mapema, siku hiyo hiyo au siku chache. Sauti na imani za ajabu zinachukua muda zaidi, wiki moja au mbili ndo unaanza kuona zinapungua nguvu, na daktari kwa kawaida anasubiri kama wiki 4 mpaka 6 kwenye dozi inayotosha kabla ya kusema dawa hii imeshindwa. Na sauti mara nyingi haziondoki kama kuzima taa. Kaka yangu, mimi ndo ninayesimamia dawa zake, alisema "bado wanaongea ila sasa hawanihusu". Hiyo ni hatua, usiidharau. Familia nyingi zinachoka wiki ya pili, mgonjwa amelala tu, mate yanamtoka, na bado anaongea peke yake, wanahitimisha dawa ni ya kumzubaisha. Hapo rudi kliniki ukaseme hivyo hivyo kwa maneno hayo hayo, dozi inaweza kurekebishwa.

Kumeza kila siku bila kujichanganya

Kama ni ya mara moja kwa siku na inaleta usingizi, mara nyingi wanasema usiku. Weka alamu ya simu. Na tafadhali, saa tatu usiku kwenye simu ni 21:00, sio 3:00, unacheka lakini kuna nyumba mtu ameamshwa alfajiri anapewa dawa ya usingizi alafu asubuhi anatakiwa kazini. Ukiimeza saa tatu usiku badala ya saa sita unaamka mwepesi zaidi, na kama asubuhi bado kichwa kizito mwambie daktari, wakati mwingine kuiwahisha masaa mawili kunatosha.

Nyingi unaweza kumeza na chakula au bila. Ukiamka usirushe miguu chini ukasimama, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, maana hizi dawa (klopromazini hasa) zinashusha presha ukisimama ghafla, unaona giza unaanguka. Kwa wazee hii ni hatari kweli, nyonga inavunjika. Na siku za mwanzo au dozi ikiongezwa usiendeshe bodaboda wala gari mpaka ujue inakulegeza kiasi gani.

Umesahau dozi? Ukikumbuka siku hiyo hiyo na dozi inayofuata bado iko mbali, meza. Kama imekaribia, iruke, endelea na ratiba. Usimeze mbili kufidia. Isipokuwa klozapini (dawa ya wale ambao nyingine zimeshindwa, nitaieleza chini), hiyo ina sheria yake, ukikaa zaidi ya siku 2 bila kumeza usirudi kwenye dozi yako ya zamani hata kidogo, piga simu kliniki, wanakuanzisha upya kutoka chini, kwa sababu mwili umeshasahau na presha inaweza kuporomoka.

Sasa lile la kumwekea mtu dawa kwenye uji. Najua linafanyika, najua kwanini, mgonjwa anakataa kwamba anaumwa na nyumba nzima hailali. Lakini siku akigundua, na atagundua, yule aliyekuwa anaamini mnamwekea sumu mmemthibitishia. Kuna vidonge pia havitakiwi kusagwa, vile vilivyotengenezwa kuachia dawa taratibu, ukisaga dawa yote inamwagika mara moja. Akikataa kabisa ongea na daktari wazi wazi, kuna vidonge vinavyoyeyuka ulimini, kuna dawa ya maji, kuna sindano ya mwezi. Hilo ni bora mara mia kuliko ujanja wa jikoni.

Maudhi: yapi unavumilia, yapi unaripoti, yapi unakimbia nayo

Hapa ndo nitakaa, kwa sababu watu wengi hawaachi dawa kwa sababu imeshindwa, wanaacha kimya kimya kwa sababu ya kitu ambacho hakuna aliyewaambia kwamba kitatokea na kwamba kina tiba.

Cha kwanza ni misuli kukaza. Inatokea zaidi siku za mwanzo, zaidi kwa vijana wa kiume na zaidi kwa haloperidoli au sindano. Kaka alikuwa mezani anakula, shingo ikaanza kugeuka kushoto pole pole kama mtu ameitwa, akajaribu kuirudisha haikurudi, macho yakapanda juu yakabaki huko, ulimi ukawa mzito hawezi kusema wala kumeza mate. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, machozi yanamtoka. Mama akaanza maombi, jirani akasema limepanda hilo. Tukamkimbiza hospitali ya wilaya na vidonge vyake mkononi, nesi alipoviona tu hakuuliza mara mbili, sindano moja, na haijafika nusu saa shingo imerudi, anauliza kama ugali wake umebaki. Kwahiyo ukiona shingo kujipinda, taya kukaza, macho kupanda, ulimi kujikunja: sio jini, sio kifafa, sio dalili ya kwamba ugonjwa umezidi, ni dawa, nenda hospitali saa hiyo hiyo na boksi mkononi. Kama koo linabana na kupumua kunakuwa shida, usisubiri hata usafiri wa bei rahisi.

Cha pili kinadanganya hata wahudumu, ni kutotulia. Mtu hawezi kukaa, anatembea sebuleni huku na huku, akisimama anapokezana miguu, akilala miguu inataka kutembea. Ukimuuliza anasema ndani yangu kunachemka. Familia inaona ugonjwa umepanda, inaomba dozi iongezwe, ikiongezwa ndo anachemka zaidi. Tofauti utaipata kwa kuuliza swali moja: unatembea kwa sababu unataka au kwa sababu huwezi kukaa? Akisema hawezi kukaa, na dawa imeanza au imeongezwa karibuni, mpeleke, wanapunguza dozi au wanabadilisha au wanaongeza kidonge kama propranololi. Usilichukulie poa, hali hii inatesa mpaka mtu anafikiria kujidhuru, na akitamka neno kama hilo usimwache peke yake, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Cha tatu ni kuwa mzito: mikono kutetemeka, hatua fupi fupi, uso hauonyeshi kitu, udenda. Hii inakuja taratibu kwenye wiki kadhaa. Inarekebishika kwa kupunguza dozi au kwa Artane. Ila Artane nayo usiigeuze peremende, inakausha mdomo, inafunga choo, inachanganya kichwa hasa cha mzee, na kuna vijana wanaitafuta kwa ajili ya kulewa, kwahiyo ifungie.

Cha nne kinachelewa, miezi au miaka: mdomo unatafuna bila chakula, ulimi unatoka, midomo inajibusu, vidole vinacheza. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe hajui, anayeona ni wewe. Kadiri unavyosema mapema ndivyo uwezekano wa kupungua unavyokuwa mkubwa, kwa sababu ikikomaa inaweza isiondoke tena.

Tukija kwenye uzito. Olanzapini inaleta njaa ambayo sio ya kawaida, mtu amekula ubwabwa saa mbili saa nne anafungua sufuria. Kumwambia "jizuie" ni kumwonea. Kinachosaidia ni kubadilisha kilichopo nyumbani, soda isiwepo kabisa, kwa sababu mdomo unakauka anakunywa soda tatu nne kwa siku, hapo ndo sukari inapoanzia. Maji, matunda mazima badala ya juisi, mboga nyingi kwenye sahani, kutembea jioni kabla jua halijazama. Pima uzito siku unayoanza dawa, uandike, pima kila wiki kwa wiki za mwanzo. Ukiona kilo zinapanda mfululizo nenda mapema, usisubiri nguo zote zikatae, daktari anaweza kubadilisha dawa na kuna wanaoongezewa metfomini, ile dawa ya kisukari. Na ukianza kuwa na kiu isiyoisha na kukojoa kila saa, pima sukari siku hiyo.

Halafu yale ambayo hayasemwi kwenye foleni. Risperidoni na haloperidoli zinaweza kupandisha homoni ya maziwa: dada hedhi inakata, matiti yanatoa maziwa na hana mtoto, kaka matiti yanakua, hamu ya tendo inapotea, nguvu inapotea. Vijana wengi wa kiume wanaacha dawa kwa hili na hawasemi sababu mpaka kesho, mama anaambiwa tu "sitaki". Kama unaona aibu kumwambia daktari mbele ya mama, omba uongee naye peke yako, ni haki yako, au andika kwenye kikaratasi umpe. Ina suluhisho, dozi au dawa nyingine. Na dada, hedhi kukata hakumaanishi huwezi kushika mimba, endelea na uzazi wa mpango.

Choo kigumu, mdomo mkavu, macho kuona ukungu, hayo ni ya kawaida, maji na mboga vinasaidia, ila siku tatu bila choo na tumbo limevimba sio kawaida tena, kwa mtu wa klozapini hiyo ni dharura kabisa. Klopromazini inafanya ngozi iungue na jua haraka, vaa mikono mirefu na kofia, na kwenye joto la Dar au Mombasa kunywa maji maana baadhi ya dawa hizi pamoja na Artane zinapunguza jasho, mwili unashindwa kujipoza.

Na hii isome mara mbili: homa kali, mwili kukakamaa kama ubao, jasho jingi, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa au kutoongea, mkojo wa rangi ya kola. Ni nadra lakini inaua. Shida ya huku kwetu homa yote ni malaria, watu wanampa mseto wanamlaza, na wanaendelea kumpa haloperidoli. Homa pamoja na kukakamaa kwa mtu anayetumia dawa hizi: usimpe dozi inayofuata, mpeleke dharura, na sentensi ya kwanza kutoka mdomoni mwako iwe "anatumia dawa za akili, hizi hapa". Malaria watapima tu, hiyo haina shida.

Vitu vya kuchanganya na kutochanganya

Pombe inaongezea usingizi, inashusha presha, na inamfanya mtu asahau dozi. Bangi na mirungi zinasukuma ugonjwa kurudi, hapo dawa inavuta huku wewe unavuta kule. Sigara ina ajabu yake: moshi unafanya ini liyeyushe olanzapini na klozapini haraka, kwahiyo mvutaji anahitaji dozi kubwa zaidi, na akiacha sigara ghafla, mfano amelazwa au ameokoka, dawa inapanda kwenye damu ndani ya siku chache, anakuwa kama amelewa. Kuacha sigara ni vizuri sana, mwambie tu daktari kwanza apunguze dozi.

Dawa za TB, ile rifampisini inayofanya mkojo mwekundu, inapunguza nguvu ya nyingi ya dawa hizi, mtu aliyekuwa ametulia anaanza tena kusikia sauti katikati ya matibabu ya TB na hakuna anayeunganisha. Usiache yoyote kati yake, kliniki zote mbili zijuane. Baadhi ya dawa za VVU na za kifafa nazo zinagombana nazo. Mseto na kwinini za malaria zinaweza kugusa mapigo ya moyo zikikutana na haloperidoli au klopromazini, malaria lazima itibiwe, ila mtoa dawa ajue unatumia nini ili achague vizuri. Na Plasil! Umetapika unaenda duka la dawa unapewa Plasil, hiyo nayo inaziba dopamini, shingo ile ile ya kugeuka inaweza kukurudia. Sema mapema. Mitishamba usiifiche, hata kama unajua daktari atakunja uso, bora akunje uso akijua.

Maombi, kisomo, kuogeshwa, hayo fanya kama ndo imani yako, havigombani na kidonge. Kinachogombana ni yule anayesema imani yako ionyeshe kwa kutupa dawa. Kwa mwenye kufunga Ramadhani, au mfungo wa maombi wa siku nyingi, nenda kliniki wiki kadhaa kabla, dozi ya mara mbili inaweza kuhamishiwa usiku yote au kupangwa futari na daku, lakini apange daktari, na kama ndo umetoka kuumwa juzi uliza pia kama mwaka huu ufunge au la.

Sindano, klozapini, mimba

Sindano ya mafuta (Modecate ndo wengi wanaijua) inachomwa kwenye msuli kila wiki 2 mpaka 4, inatoka taratibu. Uzuri wake husahau vidonge na hakuna ugomvi wa kila usiku. Ubaya, ikishaingia huwezi kuitoa, maudhi yakitokea yanakaa, ndo maana wanaanza na kiasi kidogo kukujaribu. Andika tarehe ijayo ukutani. Ukichelewa wiki moja usiseme basi nisubiri mwezi ujao, nenda.

Klozapini ni kwa wale ambao dawa mbili zimeshindwa, na kwao inaweza kufanya kazi pale nyingine zote zilipogoma. Masharti yake ni damu: inaweza kushusha chembe nyeupe, kwahiyo unapimwa kila wiki mwanzoni, miezi ile ya kwanza, kisha wanapunguza. Homa au koo kuuma ni kupima damu siku hiyo. Maumivu ya kifua au kuhema mwezi wa kwanza, kimbia. Kama mahali ulipo kipimo cha damu hakipatikani kwa uhakika, liongee hilo kabla ya kuanza.

Ukishika mimba usiache ghafla kwa hofu, ugonjwa ukirudi katikati ya mimba nao ni hatari kwa mama na mtoto. Nenda, wataangalia dawa gani na dozi gani. Kunyonyesha vivyo hivyo, nyingi zinawezekana kwa uangalizi, klozapini hapana.

Kwa dawa yoyote kati ya hizi omba vipimo: uzito, presha, sukari, mafuta ya damu, na kipimo cha moyo kile cha waya kama una tatizo la moyo au familia ina historia ya vifo vya ghafla. Rudia baada ya miezi mitatu, kisha angalau kila mwaka. Mara nyingi hutapimwa usipouliza, sio ubaya wao, foleni ni ndefu.

Kuacha, na dawa ikiisha

Hizi hazikufanyi teja kama Valium inavyoweza. Lakini kuacha ghafla kunaleta kukosa usingizi, kichefuchefu, wasiwasi, na ugonjwa unaweza kurudi, na mara nyingi haurudi kesho, unarudi baada ya wiki au miezi, ndo maana mtu anajidanganya "mbona nimeacha na niko poa". Kama ni mara yako ya kwanza kuumwa, madaktari wengi watakuambia uendelee mwaka mmoja mpaka miwili baada ya kupona kabla ya kufikiria kupunguza. Ukitaka kupunguza, sema. Ni ombi halali, sio utovu wa nidhamu. Inapunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, na mtu mmoja nyumbani anajua dalili zako za mwanzo, kila mtu ana zake, kaka yangu anaanza kwa kufunga mapazia mchana na kuzima simu, usingizi unafuata. Tukiona hizo mbili hatusubiri ya tatu.

Ukiambiwa dirishani dawa imeisha, usirudi nyumbani mikono mitupu. Uliza ipo hospitali gani nyingine, omba uandikiwe ukanunue, au uliza mbadala na dozi yake, na usijibadilishie mwenyewe maana miligramu 5 za haloperidoli na 5 za olanzapini sio kitu kimoja. Nenda kliniki ukiwa bado na vidonge vya wiki moja, iwe Mirembe (Dodoma), Muhimbili (Dar), Mathari (Nairobi) au hospitali ya wilaya yako. Ukisafiri, dawa zinakaa kwenye mkoba wako mwilini sio kwenye buti la basi, pamoja na karatasi ya daktari.

Nyumbani ziwe juu na zimefungwa. Mtoto akimeza hata kimoja ni hospitali na boksi mkononi, usipoteze muda na maziwa wala kumtapisha. Na zile zilizobaki baada ya kubadilishiwa dawa zirudishe famasi, usimgawie jirani hata kama anasema dalili zake ni zile zile.